Nani Ataibeba Hasara?

Wazazi wengi katika sharika zetu huwauliza wachungaji swali moja kuhusu michezo ya kompyuta na simu: je, ni dhambi? Tunaliheshimu swali hilo, maana linatoka kwa mzazi anayemwona mtoto wake akimaliza bando na saa za kulala kwenye kioo kidogo. Lakini katika insha hii hatutalijibu. Vijana wenyewe, wale wanaocheza, wana swali lingine ambalo kwetu ni zito zaidi, ingawa hawalisemi kwa lugha ya kanisa. Wao huuliza: kwa nini kosa dogo la dakika ya tatu linatufanya tupoteze mchezo mzima? Na likishatokea, linazuiwaje?

Tunamwomba msomaji asilidharau swali hilo kwa sababu limetoka kwenye gemu. Bwana wetu alifundisha kwa chachu, kwa sarafu iliyopotea, na kwa watoto waliokuwa wakicheza sokoni na kulaumiana kwamba wenzao hawakuitikia mchezo. Mahali watu wanapocheza kwa bidii, tabia yao huonekana upesi kuliko mahali wanapojua kwamba wanatazamwa.

Kwa ajili ya wasomaji ambao simu zao ni za kupigia tu, tueleze kwanza michezo yenyewe. Iko aina ya mchezo ambamo timu mbili za watu watano watano hukutana ndani ya ramani moja. League of Legends, uliotolewa na kampuni ya Riot Games ya Marekani mwaka 2009, ni mmojawapo wa inayojulikana zaidi duniani. Dota 2 wa kampuni ya Valve ulitolewa rasmi mwaka 2013. Kwenye simu vijana wetu wanaujua Mobile Legends, uliojengwa kwa mfano huo huo. Kila timu ina ngome kwenye kona yake, na njia tatu zenye minara ya ulinzi huziunganisha ngome hizo mbili. Kazi ni kuivunja ngome ya wenzenu kabla hawajaivunja yenu.

Kila mchezaji huongoza shujaa mmoja, ambaye huanza akiwa dhaifu na kukua kwa njia mbili: kwa dhahabu anayonunulia silaha, na kwa uzoefu unaompandisha ngazi. Askari wadogo wanaojiendesha wenyewe hutembea njiani kwa makundi, na anayempiga askari pigo la mwisho ndiye anayelipwa. Shujaa akiuawa mchezo hauishi kwake. Husubiri kwa muda, kisha anatokea tena ngomeni na kutembea hadi mahali pake. (Wachezaji wengine husema "amefufuka", sisi tunaona neno hilo tulitunze kwa kazi yake.)

Sasa tuliangalie kosa. Katika League of Legends, mchezaji anasogea hatua tatu mbele kuliko inavyofaa kwa tamaa ya askari mmoja ambaye thamani yake ni dhahabu 21 hivi. Adui aliyejificha kwenye majani anatokea na kumwua, na kwa kuua shujaa analipwa dhahabu 300. Kwa kumfuata askari mmoja, mchezaji amemzawadia adui thamani ya askari kumi na wanne. Wakati anasubiri kurudi, askari wengine wanakufa njiani bila yeye kupata kitu, na uzoefu wao unampita. Adui amekwisha kwenda dukani. Wakikutana tena, yule ana upanga ambao huyu hana na amemzidi ngazi moja, kwa hiyo pambano ambalo lingekuwa sawa kwa sawa limeshaamuliwa kabla halijaanza. Mnara wa njia ile unaanguka. Mnara ukianguka, adui hana sababu ya kukaa pale tena. Anaondoka kwenda kuwashambulia wenzake wa yule mchezaji kwenye njia nyingine, watu ambao hawakukosea lolote. Msitu ulio katikati ya njia, ambamo kila timu hutafuta riziki ya ziada, unakuwa hatari kuuingia. Hakuna anayethubutu kwenda kuweka alama za kuangaza sehemu za ramani zilizo gizani, na asiyeona gizani hukosea tena.

Wazungumzaji wa Kiingereza hulinganisha hali hii na bonge la theluji linaloviringika mlimani, likinenepa kwa theluji linayoizoa njiani. Sisi ambao theluji tunaiona kwa mbali tu, kileleni Kibo, tunaijua hali hiyo kwa sura nyingine. Ni mfereji mdogo wa maji ya mvua shambani. Mwaka wa kwanza unauruka bila kupunguza mwendo. Ukiuacha, baada ya misimu michache ng'ombe anatumbukia humo, na jirani wa chini anakuja kudai mahindi yake yaliyochukuliwa na udongo.

Watengenezaji wa michezo hii wanaijua hesabu hiyo, maana wao ndio walioiandika, na wamejaribu kuipunguza ukali. Mchezaji aliyeua wengi mfululizo huwekewa zawadi kichwani, na wa timu iliyo nyuma akimwangusha hulipwa zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2021 Riot waliongeza jambo lingine: timu iliyoachwa nyuma sana hupata dhahabu ya ziada ikivunja mnara au ikiliua joka. Wachezaji wengi walilalamika. Walisema wanaoadhibiwa ni wale waliocheza vizuri, na walioharibu wanazawadiwa. Msomaji wa Luka 15 anaijua sauti hiyo. Ilisemwa na mtu aliyesimama nje ya nyumba yenye ngoma, akikataa kuingia.

Hata hivyo, hesabu ya dhahabu ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili imo ndani ya watu watano, na hiyo ndiyo inayotuhusu zaidi.

Tuna methali inayosema usipoziba ufa utajenga ukuta, na tumeifundisha kwa miaka mingi kana kwamba inamaliza kila kitu. Michezo hii inatuonyesha kwamba ufa una hatari mbili. Ya kwanza ni kuuacha. Ya pili, ambayo methali haikuitaja, ni kuuziba kwa pupa. Mchezaji aliyeuawa dakika ya tatu anaona aibu. Anataka kurudisha kilichopotea mara moja, kabla wenzake hawajakihesabu. Hivyo anarudi njiani na kumvamia mtu ambaye sasa amemzidi nguvu, na anauawa mara ya pili. Mwenzake wa msituni, kwa huruma, anaacha kazi yake na kukimbia kumwokoa bila kuangalia adui wako wapi, na yeye anauawa kando yake. Kosa la kwanza lilikuwa dogo kweli. La pili lilizaliwa na haraka ya kulifuta la kwanza, na ndilo lililoangusha mnara.

Kisha yanaanza maneno. Wachezaji wanaweza kuandikiana ndani ya mchezo, na kila sekunde ya kuandika lawama ni sekunde ambayo mikono haichezi. Aliyelaumiwa anajibu. Wa tatu anamtetea mmoja wao. Wa nne anaacha kabisa kutembea na kusimama ngomeni kuwaonyesha wenzake kwamba amesusa. Mmoja anaitisha kura ya kusalimu amri, maana mchezo unaruhusu timu kupiga kura ya kukubali kushindwa kabla ngome haijaanguka. Wazee wa kanisa wanaosoma hapa huenda wanatabasamu kwa uchungu. Wamewahi kukaa kwenye kikao cha namna hii, bila kompyuta yoyote.

Riot waliajiri wataalamu kuchunguza lugha chafu iliyowafukuza wachezaji wao. Mmoja wao, mwanasaikolojia Jeffrey Lin, alieleza hadharani walichokiona, na mambo mawili kati ya hayo yalitugusa. La kwanza: sehemu kubwa ya maneno mabaya haikutoka kwa kikundi kidogo cha watu wabaya sugu. Ilitoka kwa wachezaji wa kawaida, wenye tabia njema siku nyingi, waliokuwa na siku mbaya. Mwovu wa kutafutwa na kuondolewa, ili nyumba ibaki safi, alikuwa sehemu ndogo tu ya tatizo. Kanisa lililofundishwa kwamba mwamini ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja halipaswi kushangaa, lakini tunakiri kwamba huwa tunashangaa kila mara.

La pili linahusu adhabu. Waliofungiwa kucheza bila kuelezwa vizuri sababu walirudia makosa kuliko wale walioelezwa, na waliojirekebisha zaidi ni wale walioonyeshwa maneno yao wenyewe, yale waliyoyaandika. Mtu anayekana tuhuma ya jumla hunyamaza akiona sentensi yake. Nabii Nathani alilijua hilo karne nyingi kabla ya kompyuta. Hakuingia kwa Daudi na neno "umepotoka". Alimsimulia habari ya mtu mmoja na kondoo wake hadi mfalme alipotoa hukumu kwa kinywa chake, kisha akamwonyesha kwamba hukumu hiyo ni yake.

Na tukimtaja Daudi, 2 Samweli 11 ni sura inayopasa kusomwa polepole na kila mtu anayedhani kosa dogo hukaa pale lilipoachwa. Majira ya vita, mfalme amebaki nyumbani. Jioni anatembea juu ya dari. Anatazama, anauliza, anatuma watu. Mimba inapojulikana, hafikirii kutubu. Anafikiria namna ya kurekebisha hesabu. Anamwita Uria kutoka vitani ili alale kwake. Uria anakataa kwa uaminifu, na uaminifu huo unaharibu mpango. Daudi anamlewesha. Haikusaidia. Mwisho Uria anarudi vitani akiwa amebeba kwa mkono wake barua ya kifo chake, na pamoja naye wanakufa askari wengine ambao majina yao hatukupewa. Kutazama kwa dakika chache jioni kumeua watu mbele ya ukuta wa mji wa mbali. Kila hatua baada ya ile ya kwanza ilikuwa juhudi ya kuziba ufa.

Hapa tunapaswa kutofautisha mambo, kwa sababu alichofanya Daudi hakilingani na hatua tatu za mchezaji. Lugha yetu ina neno moja, kosa, kwa mambo mengi. Anayekosa shabaha amekosea, anayekosa fedha hana, na aliyemkosea jirani yake ana hatia. Hata katika Sala ya Bwana tunaomba tusamehewe makosa, lakini tukifungua Biblia tunaona kwamba Luka anaandika dhambi na Mathayo anaandika deni. Timu inayoshindwa husahau tofauti hizo. Humchukulia aliyeteleza kama Akani wa Yoshua 7, aliyeficha vitu vya wakfu hemani na kusababisha Israeli kupigwa mbele ya Ai. Akani alijua alichofanya, akakizika chini. Mchezaji aliyesogea mbele mno hakuzika chochote, wote waliona. Tunadhani ugomvi mwingi wa sharika zetu huanzia hapa: mtu aliyeteleza anapewa hukumu ya mtu aliyeiba, na akishaona hukumu ni moja, anajifunza kuficha.

Tuchukue mfano wa fedha, kwa kuwa fedha hupima imani yetu bila huruma. Tuseme mtunza hazina wa mtaa amehesabu sadaka ya Jumapili, shilingi 58,000, na kwa uchovu akaandika kitabuni 85,000. Tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. (Wahasibu wana mbinu ya kulikamata kosa hili: tofauti ikigawanyika kwa tisa bila baki, tafuta kwanza tarakimu zilizopishana. Hapa tofauti ni 27,000.) Jumatano anagundua kwamba fedha benki ni pungufu kuliko kitabu. Angeweza kumpigia simu katibu siku hiyo hiyo, na jambo lingeisha kwa kalamu nyekundu na sahihi mbili. Lakini anakumbuka jinsi mtunza hazina aliyemtangulia alivyosemwa. Anakopa 27,000 kwa ndugu yake na kuziingiza. Mwezi unaofuata ndugu anataka chake, na sadaka ya Jumapili iko mkononi. Anachukua humo, kwa nia ya kurudisha. Kufikia mwisho wa mwaka hakuna anayeweza kusema ni shilingi ngapi, baraza la wazee limegawanyika, na kwaya mbili hazisalimiani kwa sababu shemeji yake anaimba katika mojawapo. Sasa ni mwizi, kwa maana halisi ya neno. Lakini Jumapili ile ya kwanza hakuwa mwizi, na waliomfanya aogope kalamu nyekundu hawamo kwenye mashtaka.

Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, ambayo kila aliyepata Kipaimara aliikariri, inapoeleza amri ya nane hairidhiki na kutukataza uongo juu ya jirani. Luther anataka pia tulifasiri jambo la jirani kwa upande wa wema. Tulipokuwa wadogo tulidhani hiyo ni adabu tu. Ukiiweka kwenye mfano wa mtunza hazina, utaona kwamba ni ulinzi wa mali ya kanisa. Usharika ambao mtu anaweza kusema "nimekosea kuandika" saa ileile, bila kuogopa, hupoteza fedha kidogo kuliko usharika wenye kufuli tatu na ndimi kali.

Hadi hapa vijana wetu wangekubaliana nasi, lakini wanalo pingamizi, na ni pingamizi la kweli. Wanasema: sawa, tusilaumiane, tusameheane. Lakini msamaha haurudishi dhahabu. Adui bado ana upanga wake. Mnara umeanguka na hausimami tena kwa sababu tumeambiana maneno mazuri. Je, kusamehe si namna ya kujidanganya kwamba hakuna kilichotokea?

Maandiko hayawapingi. Daudi aliambiwa kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake, na katika sura hiyo hiyo mtoto akafa, na nyumba yake haikutulia tena. Uria hakurudi. Mchungaji anayetangaza ondoleo la dhambi kana kwamba linafuta matokeo yote anawadanganya watu, nao hugundua Jumatatu. Hasara ikishatokea, ipo. Swali linalobaki ni itakwenda wapi.

Tazameni jinsi inavyotembea ndani ya timu. Aliyekosea haitaki, anaisukuma kwa mwenzake: mbona hukuja kunisaidia? Mwenzake anaisukuma kwa wa tatu. Hivi ndivyo ilivyokuwa bustanini: Adamu akamwonyesha mwanamke, mwanamke akamwonyesha nyoka. Hasara inapozunguka hivyo haipungui, kwa sababu kila anayeipitisha huongeza kidogo cha kwake, hasira au kisirani au uvivu wa makusudi. Husimama pale tu mtu anapokubali ikae kwake. Katika mchezo jambo hili huonekana wazi. Shujaa mmoja ameuawa. Mwenzake anaacha askari wake mwenyewe, wenye dhahabu aliyokuwa ameisubiri, anakwenda kusimama chini ya mnara wa aliyeuawa hadi arudi. Anakosa malipo yake. Halafu haandiki chochote, na huyo kwa maoni yetu amesamehe kuliko aliyeandika "usijali" na kubaki kwenye njia yake. Kwa kawaida kazi hiyo hufanywa na mchezaji wa nafasi ambayo vijana huipenda kidogo, yule msaidizi anayekusanya dhahabu chache kuliko wote, ambaye sehemu ya kazi yake ni kuwaangazia wengine gizani.

Mfano mmoja wa hadharani unafaa kutajwa, ingawa tunautaja kwa tahadhari. Mwaka 2018 timu ya OG ya Dota 2 ilivunjika miezi michache kabla ya mashindano makuu ya mchezo huo, The International, baada ya wachezaji wake wawili kuhamia timu pinzani, mmoja wao akiwa rafiki wa miaka mingi wa Johan Sundstein, Mdenmark anayejulikana kama N0tail. Waliobaki walimwingiza kocha wao Mfaransa, Sébastien Debs, awe mchezaji, wakamchukua kijana wa Finland ambaye hakuwa amewahi kucheza kwenye jukwaa kubwa, wakamrudisha Mwaustralia mmoja, na wakaanzia kwenye mchujo wa wazi ambao timu yoyote inaweza kuuingia. Mwezi Agosti huko Vancouver walifika fainali dhidi ya PSG.LGD ya China. Wakashinda mchezo wa kwanza, wakapoteza wa pili na wa tatu, na katika wa nne waliachwa nyuma kwa mali, wakiwa karibu kupoteza kila kitu. Waliugeuza mchezo huo, wakashinda na wa tano. Mwaka uliofuata, Shanghai, walishinda tena, wakawa timu ya kwanza kulitwaa kombe hilo mara mbili.

Valve walitoa filamu ya fainali ile iliyorekodiwa ndani ya vyumba vya wachezaji. Anayeitazama anawasikia OG wakitaniana na kutiana moyo hata pale mambo yanapokwenda vibaya. Tahadhari yetu ni hii: maneno mema hayakuua adui hata mmoja. Walikuwa na ustadi mkubwa, na LGD nao waliteleza. Zipo timu nyingi zenye upendo zilizopigwa vibaya, na hazitengenezewi filamu. Atakayehubiri kwamba msamaha huleta ushindi ameanza kuhubiri injili ya mafanikio, hata kama ni mafanikio ya kwenye gemu. Tunachokiona katika mfano huo ni kidogo zaidi: hasara ya mchezo wa pili na wa tatu haikuingia kwenye wa nne. Mahali fulani katika watu wale watano ilibebwa, ikanyamaza.

Petro na Yuda walikosea usiku mmoja. Mmoja alimuuza, mwingine alimkana mara tatu, na wote wawili walijuta kwa uchungu. Yuda alijaribu hata kurudisha fedha, vipande vyote thelathini, na waliomlipa wakamwambia hilo ni shauri lake. Maneno hayo ya makuhani yanatutisha kuliko usaliti wenyewe, maana husemwa pia katika ofisi zetu: shauri yako. Mtu aliyekuja na hasara mikononi alikuta hakuna wa kuishika hata upande mmoja, akaenda kujimaliza. Petro alibaki na wenzake, tena wakiwa wamefunga milango, hadi asubuhi ile ya samaki na moto wa makaa, alipoulizwa mara tatu swali moja na kupewa kazi.

Waluteri tunasema Kristo alichukua deni letu, na tumelisema mara nyingi hata tumelizoea kama jina la mtaa. Maana yake ni kwamba deni halikufutwa kwa kutojali. Lilihamishwa, nalo likamgharimu aliyelipokea. Mtume Paulo aliielewa hesabu hiyo vizuri hata akaitumia katika barua ya kibinafsi. Onesimo, mtumwa, alikuwa amemtoroka bwana wake Filemoni, na huenda alimwachia hasara. Paulo hakuandika kwamba hasara si kitu. Aliandika kwamba kama yupo anayedai, kiasi hicho kiandikwe kwenye hesabu yake Paulo, naye atalipa, na akasisitiza kwamba maneno hayo anayaandika kwa mkono wake. Huyu aliyejitolea kulipa alikuwa kifungoni. Fedha angezipata wapi?

Tuirudishe basi ile 27,000 mezani, siku ya Jumatano, kabla ya mkopo. Mtunza hazina amepiga simu kwa katibu. Kitabu kinasema moja, benki inasema lingine, na taarifa ya 85,000 imeshasomwa mbele ya ibada. Mtu atalazimika kusimama Jumapili na kusema kwamba hesabu iliyotangazwa ilikuwa na kosa. Minong'ono itakuwepo, na atakayesimama ndiye ataipokea. Mtunza hazina anatetemeka. Katibu anaweza kumwambia kwamba hilo ni shauri lake. Mwenyekiti wa wazee anaweza pia kusema: nipe hiyo karatasi, nitaisoma mimi.